Kaburi Katikati ya Mita Kumi na Mbili

Kaburi la mke wa Bwana Ardhi liko katikati ya barabara. Haliko kando wala pembeni. Ukivuta kamba kutoka ukuta wa ghala upande wa magharibi hadi nyumba za upande wa mashariki, utapata mita sita huku na mita sita kule. Nimepima mara mbili. Barabara hiyo aliichora Bwana Ardhi mwenyewe miaka mingi kabla ya msiba, na sahihi yake ipo chini ya mchoro, kona ya kulia. Kaburi nalo alilipima yeye, asubuhi ya mazishi, kwa kamba na vigingi vinne, akiwa amevaa suti.

Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake yote ya kazi kutukataza kuzika majumbani.

Namwita Bwana Ardhi kwa sababu mtaa mzima ulimwita hivyo. Kwenye barua za halmashauri alikuwa afisa mipango miji, na mwanzoni alijitahidi kutusahihisha. “Bwana Ardhi ni mwingine,” alisema, “yule anashughulika na hati. Mimi nachora mji.” Watu walimsikiliza, wakaitikia, wakaendelea kumwita Bwana Ardhi. Baada ya miaka miwili mitatu naye alianza kuitika. Alikuwa Mndali wa Ibaba, kule juu Ileje, na alipozungumza haraka herufi zake za r ziligeuka l. Neno alilolipenda kuliko yote, barabara, lilitoka kinywani mwake kama balabala. Vijana wa bodaboda walimwigiza akipita. Alikuwa akisimama, anawatazama, kisha anawauliza: “Na nyie mnaegesha wapi hizo pikipiki? Mnaegesha kwenye balabala.” Hapo walicheka zaidi, naye akaendelea na safari yake.

Mtaa wetu uko Tunduma, nyuma ya barabara kuu, pale malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanapopanga foleni mpaka macho yanachoka kuyafuata. Ni mtaa uliojengwa na watu wenye haraka. Wafanyabiashara walihitaji vyumba, madereva walihitaji vyumba, ndugu waliotoka Nakonde walihitaji vyumba, na kila aliyepata kipande cha shamba alijenga bila kumuuliza mtu. Nyumba zilisogeleana mpaka jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Jeneza lilipotolewa ndani ilibidi lisimamishwe wima ili lipite kwenye vichochoro. Nimeshuhudia hilo mara tatu.

Bwana Ardhi alikuta mji umeshajijenga. Kazi aliyopewa ilikuwa kurasimisha, yaani kuingia kwenye makazi ambayo tayari yapo, kuyapima, kuyachorea barabara na maeneo ya wazi, kisha kuwaomba wenye nyumba wakate kidogo huku na kidogo kule ili mji upumue. Mtaa ulichagua kamati, na mimi nikawa katibu wake. Ndiyo maana aliniita katibu kila mahali, hata kanisani, hata alipokuja kunipa pole ya homa. Mihtasari ya vikao vyote ninayo, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyatoa humo.

Alikuwa na namna yake ya kuingia kwa watu. Alibisha hodi, akasalimia, akaulizia watoto kwa majina, lakini wakati huo wote macho yake yalikuwa yanapima umbali kati ya ukuta na ua. Hakuweza kujizuia. Ulimpa kiti, naye akakisogeza kidogo aone kona ya nyumba. Alitembea kwa hatua sawa, kila moja karibu mita, na alikuwa akizihesabu kwa midomo. Ukimsalimia njiani wakati anahesabu, hakuitika mpaka afike mwisho. Wageni walimwona ana dharau. Sisi tulisubiri.

“Msinioneshe nyumba,” alituambia katika kikao cha kwanza, “nyumba naziona. Nionesheni mlipoacha.”

Mzee mmoja wa nyuma akauliza: “Mlipoacha nini?”

“Nafasi. Mahali ambapo hamkujenga.”

Watu walitazamana. Hapakuwa na mahali pa kuonesha.

Aliamini mipango ya taifa kama watu wengine wanavyoamini dawa. Kila alipotoka kwenye semina Dodoma alirudi na begi jipya la kitambaa, kalamu, na kitabu chenye jalada linalong’aa. Siku iliyofuata aliitisha kikao atusomee. Tulisikia habari za makazi bora kwa wote, miji inayotunza mazingira, nyumba za gharama nafuu, maji ya mvua yanayoelekezwa mahali pake. Alisoma vizuri, polepole, akiinua kidole penye neno la maana. Alipomaliza, mwanamke aliyeuza samaki wakavu sokoni aliuliza kama humo ndani kuna bomba la mtaa wetu. Bwana Ardhi alirudi kwenye kurasa, akazipekua kwa uaminifu kabisa, tukamsubiri. “Bomba lipo kwa ujumla,” alisema. Muhtasari wa siku hiyo unasema hivyo hivyo: bomba lipo kwa ujumla.

Kosa kubwa la mtaa wetu lilitokea baada ya upimaji. Wapima walipanda mawe ya mipaka, yale ya zege yenye chuma katikati, kila kona ya kiwanja. Bwana Ardhi alitueleza kwamba jiwe ni mali ya serikali na hairuhusiwi kuling’oa. Alilisema hilo mara nyingi mpaka likaingia. Kilichosahaulika, au kilichosemwa mara moja tu, ni kwamba nyumba inatakiwa ikae mbali na jiwe. Watu walioanza kujenga upya walikuta kiwanja kina mawe manne, na kila fundi anajua kwamba nyumba ina kona nne. Walijenga juu ya mawe. Wengine waliyafunika kwa zege ili yasiibwe. Bibi mmoja aliyehamia kutoka Iyula alimaliza nyumba ya vyumba vitatu, akapiga plasta, akamwita Bwana Ardhi aje aone jinsi alivyotii.

Nilikuwepo. Bwana Ardhi alizunguka nyumba mara moja, akavua kofia.

“Mama, jiwe liko wapi?”

“Lipo ndani ya ukuta, baba. Salama kabisa. Hakuna mwizi atakayelitoa.”

“Na nyumba imeishia wapi?”

“Kwenye kona. Si mlinipimia kona? Nimejenga kwenye kona.”

“Dirisha likifunguliwa, linafungukia kwa jirani.”

“Jirani ni mtu mzuri.”

Hakumlaumu. Aliporudi ofisini aliniambia kosa lilikuwa lake, kwamba alitupa sheria nusu. Nilimheshimu kwa hilo. Ila barua za kuonya zilipotoka, na zilitoka kwa sahihi yake, ya bibi wa Iyula ilikuwemo pamoja na za wengine.

Hapo ndipo ugumu wake ulipo, na sijui kuueleza kwa upole. Kwa watu wadogo hakuwa na msamaha. Choo kikizidi mpaka nusu mita, alikuja na barua. Mama lishe akitoa kibanda chake hatua mbili kwenye njia, alikuja na barua. Rushwa hakula, hilo nitalishuhudia popote. Kahawa ya Mbozi aliipokea na kuku aliwapokea, lakini mtu hakununua mita moja kwake. Na baraza ya nyumba yake mwenyewe ilizidi kiwanja kwa mita nzima. Tulipomwambia alisema anajua, atairekebisha akistaafu.

Kwa watu wakubwa alikuwa mtu mwingine. Upande wa magharibi wa barabara yetu mchoro ulionesha eneo la wazi, limepakwa kijani, kwa ajili ya watoto kucheza na watu kukusanyika. Mfanyabiashara mmoja wa saruji na mafuta ya kula alijenga ghala pale, kubwa, lenye ukuta mrefu, na hati akapata. Sisi tuliopimwa kabla yake hatujapata hati mpaka leo. Niliuliza kikaoni kama katibu, kwa adabu zote.

“Mzee, hapa kwenye kijani kuna ghala.”

“Kwenye mchoro ni kijani.”

“Lakini ukitoka nje, pana ghala.”

“Katibu, nimeulizwa kuhusu mchoro. Mchoro ni kijani.”

“Nakuuliza kuhusu ghala.”

Alitazama viatu vyake. “Hilo liliamuliwa juu,” alisema, akageuza ukurasa.

Kila mwaka rangi ya mchoro uliotundikwa ofisini kwake ilipofifia kwa jua la dirishani, alichukua penseli akapaka kijani upya. Nilimkuta akifanya hivyo. Alikuwa mwangalifu asivuke mstari.

Sasa nifike nyumbani kwetu.

Dada yangu wa kwanza alikufa akiwa na miezi saba, kabla sijazaliwa. Alizikwa nyuma ya jiko letu, kama ilivyokuwa kawaida, na mama alipanda ua pale. Nilikua nikimwona mama akikaa karibu na lile kaburi dogo kupepeta maharage au kumenya viazi. Hakulia. Alikuwa tu anapenda kufanyia kazi zake pale. Mchoro wa Bwana Ardhi ulipoletwa, mstari wa barabara ya mita kumi na mbili ulikata jiko letu na kupita juu ya mtoto.

Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza baba alimsikiliza na kumsindikiza. Mara ya pili hawakuelewana. Mara ya tatu alikuja jioni mapema, akakuta tunakula ugali na maharage, akanawa, akala nasi. Kisha akavua kofia, akaongea na mama badala ya baba.

“Mama, mtaa huu siku moja nyumba itashika moto. Gari la zimamoto litapita wapi?”

“Mtoto wangu hawezi kuungua tena,” mama alimjibu.

“Najua. Nazungumzia walio hai.”

Baba ndiye aliyeuliza swali la maana. “Barabara yenyewe inakuja lini?”

“Ipo kwenye mpango wa miaka mitano.”

“Mitano ipi? Kila anayekuja hapa ana mitano yake.”

“Hii iliyoanza. Ndugu yangu, nakuomba. Ukikubali wewe, watakubali wote. Wewe wanakuamini.”

Hilo lilikuwa kweli, na alilijua. Baba alikubali. Asubuhi ya kumhamisha dada, Bwana Ardhi alikuja na jembe lake, akachimba kwa zamu na baba na wajomba zangu, akabeba kile kisanduku kidogo mpaka makaburi ya mji na kukishusha kwa mikono yake. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo niliyoona ameifanya bila karatasi. Mama hakumsemesha karibu mwaka mzima. Aliyewapatanisha ni mkewe.

Mkewe alikuwa muuguzi, ameshastaafu lakini hajaacha. Aliyekuwa na uchungu usiku au mchana aliitiwa yeye, na nusu ya watoto wa mtaa huu wameshikwa kwanza na mikono yake. Alikuwa mcheshi pale mumewe alipokuwa mgumu. “Mume wangu amewapimia mji,” alitutania, “lakini nyumbani kwangu hajui chumvi iko wapi.” Alikaa na mama pale palipokuwa na jiko na kaburi, wakamenya viazi pamoja siku nyingi bila kuzungumza habari ya barabara. Mama akaanza kumwita dada, na Bwana Ardhi akawa shemeji.

Baada ya nyumba yetu, wengine walivunja nao. Watu walibomoa mabanda ya nguruwe, majiko, ua, vyumba vya kupangisha. Katika muda wa miezi michache mita kumi na mbili zilikuwa wazi kutoka barabara kuu hadi mwisho wa mtaa, nyeupe, zimenyooka. Bwana Ardhi alizitembea kila jioni. Alikuwa akihesabu hatua na kutabasamu, na ilikuwa nadra kwake kutabasamu.

Barabara haikuja. Miaka mitano iliisha, ikaanza mingine. Niliandika barua, zikajibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Bwana Ardhi alistaafu, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, mchoro ukabaki ofisini na watu wapya. Mvua zilichimba mitaro kwenye ile nafasi. Kidogo kidogo watu wakarudi. Mmoja aliegesha toroli lake la mizigo. Mwingine alifunga mbuzi. Mwingine akarudisha banda la nguruwe, la miti tu, la muda. Bwana Ardhi mstaafu alikwenda kwa kila mmoja, safari hii bila barua, na kila mmoja alimjibu kwa heshima kwamba akiliona greda atatoa siku hiyo hiyo.

Na baba yangu alipanga tofali. Alichoma tanuru zima ili aongeze chumba, na pa kuzipanga hapakuwepo ila kwenye ile nafasi, mbele ya nyumba yetu. Ulikuwa ukuta wa tofali unaofika kifuani, umeziba njia yote kasoro pa kupitisha baiskeli. Bwana Ardhi alimwambia. Baba akamjibu: “Shemeji, mimi nilitoa mtoto. Tofali hizi nitazitoa barabara ikija.” Nilikuwepo na sikusema kitu. Nilikuwa katibu.

Saa nane mchana, msimu wa mvua, mke wa Bwana Ardhi alianguka jikoni kwake. Presha. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu na likaja haraka kuliko tulivyotegemea. Liliacha barabara kuu, likaingia kwenye mita kumi na mbili, likapita mbuzi, likapita toroli, likafika kwenye tofali zetu, likasimama. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Bwana Ardhi, ndani kabisa ya mtaa, si mbali ukiwa mzima. Tulimbeba kwenye blanketi, watu wanne, kila mmoja na pembe yake, kwenye tope. Mimi nilishika pembe ya mguuni. Bwana Ardhi alitembea pembeni akimshika mkono. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikadhani anaomba. Nilipomkaribia nikasikia anahesabu.

Alifia njiani. Gari lilikuwa limeshafunguliwa milango, tukawa tunaiona.

Watu wote tulijua atapelekwa Ibaba. Basi dogo lilikodiwa, kwaya ikajiandaa, ndugu wa Ileje walishaanza kuchimba. Asubuhi, Bwana Ardhi alitoka na kamba na vigingi, akaenda moja kwa moja mpaka mahali mkewe alipokata roho, akaanza kupima kutoka ukuta wa ghala. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda kumzungumzisha, mtu mpole, amemzidi kidogo umri.

“Mzee mwenzangu, hapa ni barabara.”

“Nani amekuambia?”

“Wewe.”

“Basi unaniamini. Leteni majembe.”

Mchungaji alijaribu. Ndugu wa Ibaba walijaribu, na wao walikuwa na haki kuliko sisi. Aliwasikiliza wote, akasogeza kigingi kimoja kama upana wa kidole, akarudi kukipigilia. Hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kumkamata mikono mume wa yule mama, si mbele ya wanawake ambao yule mama aliwazalisha. Tulichimba. Wiki iliyofuata alilijengea kwa zege na vigae.

Siku ya pili baada ya mazishi baba alitoa tofali zote. Alianza asubuhi, peke yake, akikataa msaada, akazipanga uani kwetu. Saa kumi alikuwa amemaliza. Bwana Ardhi alipita akitoka makaburini kwake, maana sasa makaburi yake yalikuwa pale pale, akasimama.

“Pole na kazi,” alisema.

“Nimeshapoa,” baba alijibu.

Chumba hakijajengwa. Baba alifariki mwaka uliofuata, na tofali zimeota majani.

Watu wametoa sababu nyingi za lile kaburi. Wapo wanaosema ni hasira. Wapo wanaosema ni akili imeruka kwa msiba. Wenye roho mbaya walisema anasubiri fidia, na hao nawajua, ni wale waliozipigia tofali za baba makofi ya kimya kwa sababu nao walitaka kurudishia mabanda yao. Walirudishia. Baada ya kaburi hapakuwa na sababu tena ya kuacha nafasi. Mtu aliyetufundisha kuacha nafasi ndiye aliyeifunga, na kila nikipita pale na ndoo ya maji nikizunguka vigae vya kaburi, nakumbuka kisanduku alichokibeba, na moyo wangu unashindwa kuchagua upande.

Mwaka huu mradi umefika. Ni mpango mkubwa wa taifa wa kuboresha miji, una fedha zake na mkandarasi wake, na barabara yetu imo, kwa lami, mitaro na taa. Injinia aliyeletwa ni kijana mwenye kishikwambi, msikivu, hana kiburi. Alifungua mchoro wa zamani wa Bwana Ardhi akausifu. “Huyu mzee alikuwa anajua kazi,” alisema. Kisha akafika kwenye kaburi.

Alitueleza njia mbili. Ya kwanza, familia iridhie kaburi lihamishwe, barabara inyooke. Ya pili, barabara ipinde kukwepa kaburi. Kupinda magharibi haiwezekani, pana ghala lenye hati. Kupinda mashariki kunachukua nyumba moja. Ni nyumba ya mama. Alama nyekundu ya X ilipakwa ukutani siku hiyo hiyo, chini ya dirisha la chumba alicholala baba mpaka anakufa. Sheria ingeruhusu kulihamisha kaburi kwa tangazo tu, injinia alisema, lakini ofisini hajapatikana mtu wa kutia sahihi tangazo hilo. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, na wanajua nani aliwapokea.

Mama alikataa kwenda kumwomba. “Mwacheni shemeji na mkewe,” alisema. “Mimi nimeshatoa wangu mara moja, najua kulivyo.” Ana zaidi ya miaka sabini na nyumba hiyo ndiyo aliyo nayo.

Nilikwenda mimi, na fomu ya ridhaa ya kuhamisha kaburi.

Nilimkuta barazani, kwenye ile mita iliyozidi. Amekonda. Miwani yake ameifunga uzi nyuma ya kichwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kama katibu au kama mtoto wa jirani?”

“Vyote viwili.”

“Basi katibu atoe karatasi, mtoto wa jirani akae.”

Alisoma fomu yote, mbele na nyuma, kwa kidole. Nilijua anasoma hivyo, lakini safari hii nilihisi kila mstari.

“Hapa pameandikwa: kaburi lililopo katika kiwanja namba. Umejaza namba gani?”

“Ya kwako, mzee.”

“Mke wangu amelala kwenye kiwanja changu?”

“Hapana.”

“Amelala wapi?”

“Barabarani.”

“Balabala ina namba ya kiwanja?”

“Haina.”

“Nikisaini hii, nimeridhia kuhamisha kaburi ambalo halipo, kutoka kiwanja ambacho hakina kaburi. Lile la pale litabaki palepale, na mimi nitakuwa nimedanganya serikali.” Alinirudishia karatasi. “Ileteni iliyo sahihi.”

“Ikiletwa utasaini?”

“Sisaini fomu ambayo sijaiona.”

Nilikaa. Nilikuwa nimeapa sitalisema, nikalisema. “Mzee, zile tofali zilikuwa zetu.”

“Najua zilikuwa za nani. Baba yako alizitoa kwa siku moja.” Alivua miwani, akaifuta kwa shati. “Niliona. Alianza asubuhi, saa kumi amemaliza. Kazi ya siku moja.”

Nikamwambia nyumba ya mama imepakwa X.

“Nimeiona. Mama yako nilipomwomba mtoto wake, sikumpelekea fomu. Ingekuwepo fomu angekataa, na haki angekuwa nayo.” Alitazama upande wa mtaa, kule ambako mabati yameshonana mpaka ghalani. “Katibu, mimi nilichora mji mzima huu. Shule, soko, viwanja vya mpira, vyote. Kilichobaki kama nilivyokichora ni zile mita kumi na mbili, na zenyewe ni kwa sababu hamkuwa na nguvu ya kuzimaliza. Sikuwa na mahali pengine pa kumweka.”

“Na mama tumweke wapi?”

Alinisindikiza mpaka mwisho wa baraza, akasimama hapo.

Nilirudisha fomu kwa injinia nikamweleza. Aliitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mzee alikuwa sahihi. Fomu haina nafasi ya kaburi lililo barabarani, kwa sababu aliyeitunga hakudhani mtu atazika barabarani. Halmashauri haiwezi kuibadilisha, ni ya wizara. Barua imeandikwa kuomba mwongozo, nakala ninayo kwenye faili, na jibu halijaja.

Greda limeshaletwa. Mama amehamishia vyombo vya kabatini kwenye ndoo mbili, vitanda ameviacha. Injinia ana michoro miwili kwenye gari lake, na juzi aliitandaza yote juu ya boneti nione. Mmoja umenyooka na kaburi halimo. Mwingine umepinda na nyumba ya mama haimo. Yote miwili ina muhuri. Mkandarasi ameambiwa aanze Jumatatu. Nilimuuliza ataanza na upi, akasema hajaambiwa.